Anza kuuza mtandaoni ukiwa bado unaogopa

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya binafsi hapa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi. Shule zote za Uganda zilipofungwa Machi 2020, mshahara ulikatika mwezi uliofuata, na watoto wote hawakurudi madarasani mpaka Januari 2022. Katikati hapo ndipo nilipojifunza kuuza nguo za watoto kwa simu: mivumba, yaani mitumba, ninayokwenda kuichagua mwenyewe Owino, soko kubwa la Kampala. Siku hizi akina dada na vijana waliomaliza chuo wananiuliza, "Madamu, ulianzaje?" Wanangoja niwatajie programu ya simu. Programu ni ya bure na utaielewa kwa jioni moja. Kilichonichelewesha miezi sita baada ya mshahara kukatika kilikuwa kichwa changu mwenyewe.

Sitakufundisha kuufukuza woga, maana wangu bado ninao. Nikiposti kitu kipya mpaka leo tumbo linacheza. Ninachojua ni kwamba uko wa aina mbili. Kuna woga wa pesa na kuna woga wa macho ya watu. Ule wa pesa usikilize, una akili. Wa macho ukiusikiliza utazeeka na simu yako mkononi. Tabu ni kwamba zikiwa kichwani aina hizi mbili huvaa nguo moja, hujui nani ni nani. Kazi ya kwanza ni kuzitenganisha.

Hatua ya 1: Uandike kwa shilingi

Chukua daftari la shule, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kila unachokiogopa, hata cha aibu. Kulia andika kikitokea utapoteza shilingi ngapi. Ukurasa wangu wa Oktoba 2020 bado ninao, ulikuwa hivi:

Nguo zikose mnunuzi: 60,000 (mtaji wote)
Mteja achukue gauni asilipe: 12,000
Nidanganywe na ujumbe wa uongo wa pesa: 12,000
Bando liishe bila kuuza: 5,000
Wazazi wa darasa langu wanione:
Wifi aseme nimeshindwa maisha:
Kiingereza changu:
Nikifanikiwa waniroge:

Mistari minne ya chini nilikaa nayo mpaka chai ikapoa, sikuipatia bei. Na ile minne ya juu, hata ikitokea yote siku moja, haifiki 90,000. (Wala haiwezi kutokea yote, kwa sababu gauni lililokosa mnunuzi halina wa kulichukua bila kulipa.) Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimechanga 100,000 kwa harusi ya binamu yangu na nikalala usingizi mzuri tu.

Kila mstari wenye bei ni woga wa pesa. Kila mstari uliokataa bei ni macho ya watu. Usiruke hatua hii ukasema utaifanya kichwani. Kichwani tarakimu hazikai.

Hatua ya 2: Woga wa pesa uwekee utaratibu

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Ukiogopa kutapeliwa huna ugonjwa wowote, umeishi Uganda. Dawa yake ni kuamua mapema utafanya nini, ili siku mteja akikuharakisha usianze kufikiri pale pale.

Mtaji uwe pesa ambayo ikipotea nyumbani bado mtakula. Mimi nilitumia zamu yangu ya nigiina, ule mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa kwa zamu. Mkopo wa simu siushauri kwa kuanzia: ukianza na deni, woga wa pesa utapiga kelele usiku kucha, na utakuwa unasema kweli.

Malipo yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia mara moja wakaacha kabisa. Tapeli hutuma ujumbe wa kawaida uliopangwa maneno kama yale ya kampuni ya simu: umepokea kiasi fulani, salio lako ni kiasi fulani. Kisha anapiga, ana haraka, boda yake iko njiani, au analia kwamba amekosea ametuma zaidi umrudishie kilichozidi. Wewe ujumbe usiuamini hata ukiwa mzuri namna gani. Fungua salio lako mwenyewe, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, uone kama pesa imeingia. Haikuingia, nguo haitoki. Na mtu akikwambia amekosea kutuma, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake wairudishe wao. Usiirudishe kwa mkono wako. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Hapa Bombo napeleka mwenyewe au namtuma kijana wa boda ninayemjua, na mteja analipa nguo ikiwa mkononi. Ila wateja wangu wengi ni wake wa askari, na mwanajeshi hakai mahali pamoja. Leo mama fulani ni jirani, mwezi ujao mumewe amepelekwa Moroto au Mbarara. Huyo namtumia kwa basi, na analipa yote kabla. Lakini kumbuka naye ana woga wake wa pesa, sawasawa na wangu! Kwa hiyo namrekodia video fupi: nguo mezani, karatasi yenye jina lake juu yake, naigeuza mbele na nyuma, naonyesha na kasoro kama ipo. Nikishaikabidhi kwenye ofisi ya mizigo ya basi napiga picha risiti, namtumia pamoja na namba ya gari. Tangu nianze video ya karatasi, sijakumbuka mtu aliyebishana nami kulipa mbele.

Madeni: sikopeshi. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na shangazi akija namwonyesha daftari.

Hatua ya 3: Woga wa macho uufanyie kinyume, kidogo kidogo

Siku ya kwanza nilipiga picha ya gauni la manjano juu ya kitanda nikaliweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kabla ya kubonyeza nikaingia kule wanakokuruhusu kuchagua watu wasioona. Nikawaficha wazazi wote wa darasa la tatu. Nikamficha mwalimu mkuu. Nikawaficha mawifi, mashemeji, watu wa msikitini, na dada mmoja niliyesoma naye ambaye sasa anafanya kazi benki. Nilipomaliza nikabonyeza, nikaweka simu kifudifudi. Jioni nikaangalia: walioona ni wanne. Fundi bomba, mjomba aliye Juba, namba ya mtu nisiyemkumbuka, na laini yangu ya pili.

Yaani nilikuwa nimefungua duka, nikawafungia nje watu pekee wenye watoto.

Usijilazimishe kuwafungulia wote siku moja, utarudi nyuma. Panga walio kwenye orodha yako ya kufichwa kuanzia anayekutisha kidogo hadi anayekutisha zaidi, kisha kila siku mbili tatu wafungulie kundi moja. Mimi nilianza na majirani, nikamaliza na wifi. Ilichukua wiki tatu. Wazazi wa wanafunzi walinishangaza. Mama mmoja aliandika, "Mwalimu, hii inamtosha mtoto wa miaka 8? Si unamjua Shamim wangu alivyo mrefu." Bila shaka namjua, nilikuwa namketisha nyuma ili wenzake waone ubao. Ile hofu yangu kwamba watanidharau ilikuwa imesahau kitu kimoja, kwamba mwalimu ndiye anayejua kimo cha kila mtoto mtaani.

Kuna watakaosema. Wifi yangu alisema. Alinipigia: "Kumbe unauza vitu na mimi nasikia kwa watu?" Nilikuwa nimejiandaa kujibu tusi, kumbe alikuwa amekasirika kwa kufichwa. Akanunua suruali mbili, akataka punguzo la mtu wa nyumbani, nikampa 1,000. Lakini mwingine kwenye kikundi cha wazee wa shule alinirushia, "Hata wenye diploma sasa wanauza mivumba." Kwa watu wa namna hiyo andaa jibu moja mapema, fupi, lisilo na hasira, na ulitumie hilo hilo kwa wote. Langu ni: "Ndiyo, na za wavulana zipo pia, unataka namba ngapi?" Ukishakuwa na jibu mfukoni, nusu ya woga wa macho inakwisha, kwa sababu tunachoogopa hasa ni kubaki mdomo wazi mbele za watu.

Kuhusu kijicho na uchawi sitabishana na imani ya mtu. Soma dua yako, kisha usitangaze faida. Nguo zitangaze, faida ikae kwenye daftari.

Hatua ya 4: Uza kwa lugha ya mnunuzi

Waliosoma ndio wanaofungwa zaidi na hili. Mtu anaandika tangazo la Kiingereza, analifuta, analiandika upya, anamtumia rafiki amsahihishie, siku inakwisha. Nilipoteza wiki nzima nikitafuta neno la Kiingereza la kitambaa kinachovutika.

Hapa Bombo ukisema Kiswahili sokoni hakuna anayegeuka, kwetu ni lugha ya nyumbani na ya kambini. Ukifika Kampala mambo ni mengine. Wapo watu, hasa wakubwa, ambao Kiswahili kinawakumbusha vizuizi vya barabarani na bunduki. Idi Amin, aliyetutawala kwa jeshi, alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kumbukumbu za miaka ile bado ni chungu kwa wengi. Siwalaumu. Lakini mambo yanageuka: katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kianze kutumika hivyo. Kwa mfanyabiashara jambo kubwa zaidi ni kwamba kinavuka mpaka. Sauti yangu ya sekunde 20 kwa Kiswahili inaeleweka Busia pande zote mbili, inaeleweka Bunia, inaeleweka Nairobi.

Ushauri wangu: usiandike, sema. Bonyeza kinasa sauti, eleza nguo kama unavyomweleza jirani aliyesimama mlangoni. Mteja wa Kiganda mjibu kwa Kiganda, hata chako kikiwa na makosa. Atacheka na atanunua. Aliyekuandikia Kiingereza mjibu Kiingereza cha maneno matano. "Available, 12,000, size 6." Hakuna aliyewahi kunirudishia gauni kwa sababu ya sarufi.

Hatua ya 5: Andika bei

Ni hatua fupi lakini ni ngumu. Angalia matangazo yaliyojaa kwenye simu yako, yanayosema "bei njoo faragha." Wengine wana sababu zao za kibiashara. Mimi sababu yangu ilikuwa kwamba naona haya kutamka 12,000 kwa gauni nililolinunua 5,000, kana kwamba naiba. Basi fanya hesabu kwenye daftari, mbele ya macho yako: ununuzi 5,000, sehemu yake ya nauli ya kwenda Kampala na kurudi 1,500, sabuni na mkaa wa pasi 500, bando 500. Jumla 7,500. Inayobaki 4,500 ni malipo ya kusimama Owino tangu asubuhi ukichakura rundo, ya kufua, kupiga pasi, kupiga picha, na kujibu maswali saa nne usiku. Ukiliona hivyo haya inaondoka yenyewe. Andika bei juu ya picha, herufi kubwa.

Hatua ya 6: Jifunze kuusoma ukimya

Hapa ndipo watu wengi wanapoachia. Umeposti, watu 31 wameona, hakuna aliyesema neno. Kichwa kinatafsiri haraka: wamenikataa. Tafsiri hiyo haina ushahidi. Walioona ni watu walio kwenye boda, wanaosubiri mshahara, ambao mtoto wao ni wa miaka miwili na wewe umeweka nguo ya miaka minane.

Kabla ya kujihukumu kagua mambo ya ufundi. Stetasi inaonekana tu kwa mtu aliyehifadhi namba yako na wewe umehifadhi yake, na inafutika baada ya saa 24. Kama mteja hajakuhifadhi, hujamfikia kabisa, hajakukataa. Kila ninayemuuzia namwambia pale pale, "Nihifadhi kwa jina, Madamu Nguo za Watoto," na nasubiri mpaka amalize. Tumia WhatsApp Business, ina sehemu ya orodha ya bidhaa inayobaki pale hata stetasi ikifutika, na ina majibu ya haraka ili usiandike vipimo vile vile mara 20 kwa siku.

Kisha badilisha unachohesabu. Mwezi wa kwanza usihesabu mauzo, hayako mikononi mwako. Hesabu ulichofanya: picha tatu kila siku isipokuwa Ijumaa, na kila swali limejibiwa kabla ya kulala. Weka alama ya vema kwenye daftari. Swali la "bei gani?" ambalo halikuzaa kitu liandike pia, pamoja na jina. Siku ya tisa baada ya kuliposti tena lile gauni la manjano, mama mmoja aliyekuwa ameona akanyamaza aliniandikia saa tano usiku: "Madamu, ile ya manjano bado ipo?" Ilikuwepo. Alikuwa anangoja mume atume pesa, na ukimya wake wote haukunihusu.

Hatua ya 7: Visingizio vya kweli

Hivi ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu ni vya kweli. Mimi wazo la kuuza kwa simu nilikuwa nalo tangu 2018. Julai mwaka ule ikaja kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, pamoja na makato kwenye pesa za simu. Nikasema ngoja iondolewe. Iliondolewa 2021, ikaingia asilimia 12 kwenye bando. Mwaka 2020 usafiri ukafungwa, nikasema ngoja ufunguliwe, na huku boda zilizokatazwa abiria zilikuwa zinaruhusiwa kubeba mizigo na watu wakazitumia kuuza. Januari 2021, nikiwa ndiyo nimeanza kuzoea, uchaguzi ukafika: Facebook ikafungwa, kisha intaneti nzima ikazimwa tangu usiku wa tarehe 13 hadi tarehe 18.

Siku tano zile nilikaa nikitazama simu kama imekufa. Ya tatu nikachukua daftari nililokuwa nimeandika majina na namba za wateja wote, nikaanza kupiga simu za kawaida. Niliuza sweta nne. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandao bila daftari ni hivyo hivyo. Kwa hiyo: namba za wateja ziwe kwenye karatasi. Usitegemee mtandao mmoja. Na kila ukijisikia unasema "ngoja kwanza," andika tarehe na sababu. Ukikuta mistari mitatu yenye sababu tatu tofauti, ujue sababu hazina shida, ni wewe.

Kisingizio cha vijana wa chuo ni "sijasajili kampuni." Jina la biashara linasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, namba ya mlipakodi inatoka URA, mamlaka ya mapato, na leseni uliza halmashauri ya mji wako. Vyote fuatilia, lakini usivifanye mlango wa kuanzia. Kwa sheria ya kodi ya mapato, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10 hatozwi ile kodi ya makadirio. Gauni moja halitakufikisha huko wiki hii.

Hatua ya 8: Weka tarehe ya kuacha

Watu wanashangaa nikisema hivi. Kabla ya kuanza, andika: nitajaribu kwa siku 90, na sitapoteza zaidi ya kiasi hiki. Ukifika hapo na bado hakuna kitu, badilisha bidhaa au acha bila kuomba msamaha kwa mtu. Kujua mwisho uko wapi kunampa mtu ujasiri wa kuingia. Mimi niliwahi kujaribu viatu vya shule, wakati shule zimefungwa! Nilipoteza 22,000 ndani ya wiki tano, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika kikomo, nilirudi kwenye magauni bila kujitukana sana.

Jioni hii

Chagua kitu kimoja tu ulicho nacho nyumbani, safi. Kipeleke karibu na dirisha kabla jua halijazama, shuka nyeupe chini yake, futa lenzi ya kamera kwa khanga. Piga picha mbele, nyuma, na lebo ya kipimo. Andika bei. Chagua kundi moja la watu utakaowafungulia, bonyeza, kisha chomeka simu kwenye chaji chumba kingine na uende ukapike. Ukirudi kuiangalia, iwe baada ya kula.